Shanga za Shaba Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, hii habari nimeikalia muda mrefu, na hata sasa naisimulia nikiwa nimejifunika kanga usoni, maana kuna aibu ya kuteleza kwenye matope, ukacheka na watu ukaendelea na safari yako, halafu kuna aibu kama yangu mimi, ya kumwaga shanga za kiunoni kwenye korido ya hospitali, watu wamejaa kwenye mabenchi pande zote mbili, na aliyesimama mbele yako, amekushikia mkoba wako wa kike, ni baba mkwe wako. Ndiyo, baba mkwe. Chekeni sasa hivi mmalize, kisha tuendelee.

Mimi naitwa Zuhura, lakini pale Dongobesh ukiulizia Zuhura utazunguka mpaka jua lizame. Ulizia Mama Nasra anayeuza vitenge, utaletwa mpaka mlangoni. Nasra ni mtoto wangu wa kwanza na wa pekee, na ndiye (bila kosa lake, maskini) aliyenifikisha kwenye mambo ya mifupa. Alipokuwa bado mchanga nilianza kuumwa mgongo, watu wakasema huo ni mgongo wa uzazi, kila mama ameupitia, nikakandwa maji ya moto, nikapakwa mafuta ya kondoo, nikajikaza kisabuni, mpaka siku nilipoinama kuinua beseni la nepi nikasikia kitu ndani ya mgongo kimelia ko! na sikuinuka tena bila kushikwa.

Walipopiga picha wakakuta pingili za mgongo zimebonyea. Mwanamke mbichi kabisa, pingili za bibi kizee! Hata gauni langu la harusi lilianza kuburuza chini, kumbe siyo gauni lililorefuka, ni mimi niliyefupika. Nikapelekwa hospitali kubwa mjini, na huko mama daktari mmoja mpole, mwenyeji wa kanda ya ziwa kwa jinsi anavyoongea, akanieleza kwamba upo ugonjwa wa nadra unaompata mama mmoja mmoja sana, mimba na kunyonyesha vinachota madini kwenye mifupa kuliko mwili unavyoweza kurudisha, na mifupa inabaki na matundu ndani kama andazi lililoumuka vizuri. Nikaachishwa kunyonyesha, nikaandikiwa dawa, nikakatazwa kuinama na kubeba kitu kizito. "Na kitu kizito," akasema huku anamtazama Nasra, "ni pamoja na huyu."

Hapo ndipo paliponiuma kuliko mgongo wenyewe. Kwetu mtoto anakulia mgongoni, mama anapika mtoto yuko mgongoni, anapima vitenge mtoto yuko mgongoni, akilia unamtikisa kidogo analala. Mimi wangu nilimwangalia akiwa mgongoni kwa bibi yake. Alipojifunza kutembea akawa ananijia na mikono juu, "Mama, beba," na mimi nasimama kama nguzo ya umeme, mpaka mama mkwe aje mbio amchukue na kusema, "Njoo kwangu, mama mgongo wake umelala." Mama mkwe wangu alinifanyia wema ambao sitaweza kuulipa, na bado kuna siku nilimwonea wivu mpaka nikaenda kulia nyuma ya choo. Baadaye Nasra akaacha kuniomba. Akitaka kubebwa alinipita tu.

Sasa basi. Ugonjwa huu unafuatiliwa kwa mashine maalumu ya kupima uimara wa mifupa. Unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako polepole bila kukugusa, hauumi wala hauchomi, na mwisho inatoka karatasi yenye rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, na kialama kidogo kinachoonyesha mifupa yako imefika wapi. Kipimo changu cha kwanza kialama kilikuwa chini kabisa kwenye nyekundu. Mama daktari akasema meza dawa, kula vizuri, kaa juani, urudi baada ya mwaka tupime tena: kikipanda tutazungumza habari za wewe na huyo mtoto, kikishuka tutabadilisha dawa na yeye atazidi kukungoja. Huo mwaka nilikunywa maziwa mpaka ng'ombe wa jirani wakanizoea.

Siku ya kurudi ilipofika, Baba Nasra alikuwa safarini na lori la vitunguu swaumu, mama mkwe ilibidi abaki na mtoto, na peke yangu sikuruhusiwa kusafiri. Akabaki Mzee Issa, baba mkwe wangu mwenyewe. Yeye akasema kwa mkato tu, "Nitampeleka mimi."

Ili mnielewe, lazima mjue sisi ni Warangi wa kutoka Kondoa, babu zetu walikuja huku kwa biashara, na nyumba ya Mzee Issa ina heshima ya kizamani. Sijawahi kula naye sinia moja. Nguo zangu za ndani nazianika nyuma ya nyumba, na juu yake natandaza kanga, ili hata upepo usimwonyeshe. Nilikuwa nampigia goti kila asubuhi, mpaka nilipougua akanikataza: "Mwanangu, nisalimie ukiwa umesimama. Shikamoo haikai kwenye goti." Huyo ndiye niliyesafiri naye. Njia nzima alikaa kiti cha mbele na kila tuliposhuka kwenye shimo alimgeukia dereva, "Taratibu, kijana, nimebeba mgonjwa wa mifupa," mpaka tulipofika Babati gari zima lilikuwa linajua mifupa yangu. Na mkoba wangu hakuniachia niubebe. Mzee wa kanzu na kofia, bakora mkono mmoja, mkono mwingine mkoba mwekundu wenye ua la kumetameta. Watu walitugeukia, yeye hata habari hana.

Na sasa nifike kwenye shanga. Bibi yangu mzaa mama alinifunga shanga kiunoni siku chache kabla ya ndoa, akasema mwanamke havui. Nilipolazwa mara ya kwanza zilikatwa, maumivu yalikuwa makali hata sikujali, ndiyo maana kile kipimo cha kwanza sikuwa nazo. Lakini baadaye nilipoanza kupata nafuu (nimefupika, nimepinda, najiona bibi kizee kabla ya wakati) nilienda kumsalimia dada yangu Katesh, tukapita mnadani, nikamkuta mama mmoja wa Kibarbaig anauza shanga ndogo ndogo za shaba, kazi ya mafundi wao, zinang'aa kama jua la asubuhi. Nikanunua za uzi mzima. Nikaziunga na nyuzi mbili za shanga za kawaida, nikajifunga, na nilipojitazama nikasema, kumbe bado nipo. Sina la kujitetea zaidi ya hilo.

Asubuhi ya kipimo nimevaa dera, nimevua hereni na pete kama nilivyoelekezwa kwenye simu, na vidonge vya madini ya mifupa siku ile sikumeza. Tumekaa kwenye benchi, foleni ndefu, mlango ukafunguliwa, kijana wa mashine akatoka na kuita jina langu. Baba mkwe akasimama nami. Na yule kijana (Mungu ambariki, alikuwa anafanya kazi yake) akauliza pale pale mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea wagonjwa wazee wasiosikia vizuri: "Mama, una kitu chochote cha chuma mwilini? Zipu? Sidiria yenye waya? Shanga za kiunoni?"

Korido nzima ikageuza shingo. Baba mkwe akakohoa, akainua macho juu, akaanza kuisoma taa ya darini kana kwamba imeandikwa kitu. Na mimi, badala ya kusema "naomba niongee na wewe ndani," nikajibu kwa sauti kubwa kabisa, "Sina!"

Ni neno moja tu. Ndani huko nilikuwa na nafasi ya kulitengua, lakini nilijiambia kwamba nimeshasema sina, nikigeuka sasa huyu kijana, ambaye ni sawa na mdogo wangu wa mwisho, atanionaje, na isitoshe shanga zenyewe zimefungwa fundo, hazivuliki bila mkasi, na tena shanga ni shanga tu, siyo bomba la maji. Nikapanda kitandani. Mashine ikapita. Kijana akatazama kioo chake, akakunja uso, akasema, "Mama, kasubiri nje kidogo, nakwenda kwa daktari."

Ningetoka tu, mambo yangeishia hapo. Lakini kabla sijatoka nilichungulia kioo. Zile rangi tatu nazijua, nimeziota mwaka mzima, na kialama cha mgongo wangu nikakiona kwa macho yangu mawili kiko juu, kwenye kijani!

Nilitoka pale sijui kama nilikanyaga sakafu. "Baba! Kimepanda! Kiko kwenye kijani!"

Mzee Issa, ambaye sijawahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, alicheka mpaka yakaonekana. Akatoa simu, na kwa kuwa masikio yake yamechoka yeye huongea kwa spika tu, akampigia mama mkwe, korido nzima ikasikia: "Mama yao! Mifupa imejaa! Imekuwa kijani!" Upande wa pili mama mkwe akapiga vigelegele, majirani wakasikika wakiitikia, mtu akauliza achinjwe mbuzi yupi, baba mkwe akajibu yule beberu mweupe, na Nasra akawekewa simu akasema "Haloo babu." Kwenye mabenchi watu wakaanza kunipa mikono. Mama mmoja wa makamo kutoka Gitting, aliyekuja na mama yake mzazi aliyevunjika nyonga, akasimama na kusema, "Bwana asifiwe! Ametenda!" Baba mkwe akainua mikono akaomba dua fupi ya shukrani, yule mama akaitikia amina, na mimi nikalia kwa raha zangu zote katikati ya watu nisiowajua.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kijana wa mashine, na nyuma yake nesi mmoja mtu mzima.

"Mama, naomba urudi ndani. Kile kipimo hatuwezi kukitumia. Kuna mstari wa vitu kama vidonge vidogo vigumu, umekatiza kwenye pingili za mgongo. Ndivyo vinavyodanganya mashine."

Mimi nilielewa mara moja. Aliyeelewa vingine ni baba mkwe. "Vidonge gani?" akauliza. Uso wake ulibadilika pale pale. "Vigumu? Ndani ya mgongo wa mtoto wangu huyu? Ni uvimbe?" Kijana akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. "Niambie, mwanangu, usinifiche, mimi ndiye baba yake hapa. Ni kansa?"

Yule mama wa Gitting akashika kichwa, "Yesu wangu." Bakora ikamtoka baba mkwe, akatafuta benchi kwa mkono na benchi liko mbali naye. Nikaona huyu mzee ataniangukia hapa kwa sababu ya ujinga wangu. "Baba, siyo ugonjwa!" nikasema, nikaruka hatua mbili kumdaka mkono, na kwa lile vuta nikuvute, uzi wa shanga za shaba ukakatika.

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi mlio ule. Zilishuka miguuni mwangu ndani ya dera, zikamwagika kwenye vigae, tiki tiki tiki tiki, zikabingirika chini ya mabenchi, moja ikaenda mpaka kwenye kiatu cha kijana wa mashine ikasimama hapo. Nyingine zikaendelea kudondoka kila nilipohema. Hakuna aliyeuliza ni nini. Kila mwanamke kwenye ile korido alijua, na kila mwanaume alijua kwamba anapaswa kujifanya hajui. Yule mama wa Gitting peke yake ndiye aliyeshindwa kunyamaza, akaiokota moja, akaigeuza kwenye mwanga, na kusema kwa mshangao wa kweli, "Hee! Si hizi za Wabarbaig, pale mnadani Katesh?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na dera langu. Na kwa kuwa mwili una akili zake, nilianza kuinama niziokote, nizifiche, nikimbie nazo.

"Usiiname!"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Tena kali, sijawahi kuisikia. "Daktari amekukataza kuinama. Simama hapo hapo."

Halafu Mzee Issa, ambaye hajawahi kuona hata ushungi wangu kwenye kamba, akaning'iniza mkoba wangu begani kwake, akavua kofia yake, akapiga magoti kwenye vigae kwa shida kama mzee wa umri wake, na kuanza kuokota shanga za kiunoni za mkwewe, moja moja, anazitia ndani ya kofia. Hakunitazama. Hakumtazama mtu. Aliokota kama anavyookota punje za mahindi zilizomwagika ghalani kwake, bila haraka, bila kuruka hata moja. Yule mama wa Gitting akapiga magoti naye. Kisha kijana wa mashine. Kisha watu wa benchi la kulia, hata yule bibi mwenye nyonga akawa anaelekeza kwa kidole, "Ile pale, chini ya ndoo." Mimi nimesimama katikati kama bibi harusi, machozi yanatiririka.

Alipomaliza akainuka, akafunika kofia kwa leso, akasema akiwa ameugeukia ukuta, "Shaba nzuri hii. Isipotee. Nenda ukapimwe sasa."

Ndani, nesi akavuta pazia, akauliza kwa sauti ya chini, "Zimebaki?" Nikasema zimebaki nyuzi mbili. Akachukua mkasi. "Mficha uchi hazai, mama." Nikamwambia mimi nilishazaa, tena huko ndiko matatizo yalikoanzia, na akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Mashine ikapita tena juu yangu, na safari hii nilifumba macho, sikutaka kuona rangi yoyote. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, maana nilishaonja furaha isiyokuwa yangu na nilijua nitakayoikosa.

Mama daktari alitupokea sote wawili. Akaziweka karatasi mbili mezani, ya mwaka uliopita na ya leo. Kialama kimetoka kwenye nyekundu. Kimeingia kwenye njano, mwanzoni kabisa, kama mtu aliyevuka kizingiti na kisigino bado kiko nje. "Lakini kimepanda," akasema, "na hiki ni chako mwenyewe, hakuna shaba ndani yake." Nikauliza kitu kimoja tu. Akafikiri. Akasema, kidogo kidogo. Muda mfupi, nikiwa nimesimama wima, na nisiiname kumchukua mtoto chini wala kumpandisha mwenyewe. "Awepo mtu wa kumweka mgongoni."

Nje baba mkwe akapiga simu tena, kwa spika tena. "Mama yao, siyo kijani. Ni njano."

"Njano ndiyo nini?"

"Ni kutoka kwenye nyekundu."

"Basi mbuzi tumwache?"

"Mchinje," akasema Mzee Issa.

Tulipofika nyumbani siku iliyofuata watu walikuwa wamejaa, na kila mmoja alitaka kujua kijani imekuwaje njano njiani. Nilikuwa natafuta pa kuanzia uongo wangu, baba mkwe akanitangulia: "Mashine ilipima vibaya mara ya kwanza, wakarudia." Akakaa, akaomba maji. Mpaka leo hajawahi kuongeza neno. Shanga nilizipata jioni kwa mkono wa mama mkwe, ameshazitunga upya kwenye uzi imara na kuweka kishikizo kidogo. "Hizi zinafunguka," akaniambia, na akaangalia pembeni akijizuia kucheka.

Kwa hiyo somo langu ni hili, na nimeapa mbele ya bibi yangu aliyenifunga za kwanza: heshima kwa mkwe nitaendelea nayo mpaka nife, lakini mwenye mashine akiniuliza nina nini mwilini nitataja chote, hata kama nyuma yangu amekaa mufti, askofu na ukoo mzima wa Mzee Issa. Mwaka huu tarehe inakaribia tena, na juzi wakati wa chakula nilimsikia baba mkwe akimwambia mkewe kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwangu, "Mama Nasra akumbushwe kufungua kishikizo." Nikajifunika kanga uso mzima, ndiyo hii hii mnayoniona nayo.

Lakini ile jioni ya mbuzi, watu walipokuwa wanakula, nilisimama wima mlangoni kwangu, nikaweka mikono nyuma. Nasra hakuja. Alinitazama, akamtazama bibi yake, alishazoea. Ni babu yake aliyemnyanyua akamleta, akamweka mgongoni kwangu, na mama mkwe alipoanza kufunga kanga yeye akageukia ukuta, heshima imerudi mahali pake. Nikasikia mikono midogo imenishika mabega, na shavu la moto likalala katikati ya mgongo wangu, pale pale penye zile pingili.

"Umempata?" baba mkwe akauliza bila kugeuka.

"Nimempata, baba."

"Ni mzito?"

"Ni mzito, baba," nikasema nikilia. "Alhamdulillahi, ni mzito."